Kukokota karavani katika nyika ya Australia: mwongozo wa usalama kutoka Port Augusta hadi Darwin

Tulipotangaza kwamba tunakwenda Darwin kwa barabara, kila mtu alituonya juu ya watu. Majirani zetu hapa Adelaide walitaja wezi wa Alice Springs na vijana wanaozurura usiku Tennant Creek. Mama alipiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, mtalala porini na watoto, mnamjua nani huko?" Hakuna aliyeniuliza nimepakia nini nyuma ya karavani. Siku ya pili, kaskazini ya Glendambo, lori lenye tela tatu lilitupita, karavani ikaanza kutikisika mkia kushoto na kulia, na usukani ukaacha kunisikiliza. Tulipona kwa sababu barabara mbele yetu ilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo nimezipanga hofu zangu upya. Barabara kuu ya Stuart ina urefu wa kilomita 2,700 hivi kutoka Port Augusta hadi Darwin, na hatari zake kubwa ni umbali wenyewe, uchovu, wanyama, joto na mzigo uliopangwa vibaya. Wizi mijini upo na nitaueleza kwa kirefu, lakini wizi utakugharimu kioo na pochi. Nawaandikia hasa ndugu zetu Waswahili wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania waliohamia Perth, Brisbane, Melbourne au Adelaide na wanafikiria kukodi au kununua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari.

Kwanza, chagua majira

Nenda kati ya Mei na Agosti, au Septemba mapema. Kiangazi cha huku ni Desemba hadi Februari, na si cha kujaribiwa: Oodnadatta, kamji kadogo mashariki ya barabara hii, kalipimwa nyuzi joto 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Upande wa kaskazini, kuanzia Katherine kwenda juu, mvua za Novemba hadi Aprili hukata barabara kwa siku au wiki kadhaa. Januari 2023, kule magharibi, mafuriko yalilivunja daraja la Fitzroy Crossing, na daraja jipya likafunguliwa Desemba mwaka huo huo.

Juni na Julai zina kisa kingine: Alice Springs usiku unaweza kushuka chini ya sifuri. Beba mablanketi mazito. Usiwashe jiko la gesi kama kipasha joto, wala usiingize jiko la mkaa ndani ya karavani hata likiwa limebaki majivu ya moto. Hewa ya sumu yake haina harufu, na watu hulala wasiamke. Weka king'ora cha moshi na kizima moto karibu na mlango, siyo nyuma ya jiko.

Peleka karavani kwenye mizani kabla ya safari

Aliyewahi kupanda basi Tanzania anaijua mizani ya barabarani. Huku mwenye karavani hutakiwa ajipeleke mwenyewe, na wengi hawaendi. Nenda. Kwenye kibati cha karavani kuna tarakimu ya ATM, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa karavani ikiwa na mzigo wote ndani. Gari lako nalo lina kikomo chake cha kukokota na kikomo cha uzito wa gari na tela kwa pamoja. Pima ukiwa umeshapakia kila kitu: maji, gesi, vyakula, baiskeli za watoto, na familia garini. Tangi la lita 100 likijaa maji linaongeza kilo 100, na wengi husahau kulihesabu.

Kisha angalia uzito unaokandamiza kile kitufe cha chuma kinachoshika karavani nyuma ya gari. Kawaida inayofuatwa ni asilimia 10 hivi ya uzito wa karavani. Ukipungua sana kwa sababu umejaza vitu nyuma, karavani hupepesuka kama tiara yenye mkia mwepesi. Kosa langu lilikuwa hilo hasa: jenereta, kisanduku cha zana na madumu mawili ya maji, vyote nimevifunga kwenye bampa la nyuma. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli. Vyepesi ndivyo viende mbele, nyuma na kwenye makabati ya juu.

Matairi ya karavani huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa sababu karavani inakaa uani mwaka mzima ikipigwa jua. Tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 3219 maana yake limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi likipita miaka sita au saba, libadilishe hata kama linang'aa. Beba spea ya gari na spea ya karavani, jeki inayoweza kuinua karavani yenyewe (ile ya gari mara nyingi haifiki), na spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yote mawili. Jaribu kubadilisha tairi nyumbani kwanza, mchana, bila haraka.

Karavani yenye uzito unaozidi kilo 2,000 inatakiwa iwe na breki kwenye magurudumu yote na mfumo unaoibana yenyewe ikikatika kutoka kwenye gari. Muulize fundi aijaribu mbele ya macho yako.

Mafuta na maji: piga hesabu ukiwa na kalamu

Gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100 likiwa peke yake linaweza kula 16 hadi 20 likikokota karavani, na upepo wa mbele huongeza tena. Tangi la lita 80 kwa ulaji wa lita 20 ni kilomita 400. Toa robo ya akiba, unabaki na 300. Hiyo 300 ndiyo safari yako, wala siyo ile inayoonyeshwa na kioo cha dashibodi.

Sasa itazame ramani. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kilomita 250 hivi bila kituo cha mafuta. Coober Pedy hadi Marla ni zaidi ya 230. Alice Springs hadi Tennant Creek ni kama 500, na katikati pana vituo vichache vidogo. Tennant Creek hadi Katherine ni kama 670. Jaza kila unapopata, hata ukiwa na nusu tangi, kwa sababu sheli za nyikani hufungwa usiku, huishiwa, na zingine hufungwa moja kwa moja. Siku moja kabla, piga simu kituo unachokitegemea. Beba na fedha taslimu, maana mtandao wa kadi ukikatika hakuna wakala wa kukimbilia.

Ukitumia petroli utakutana na pampu zilizoandikwa Opal badala ya petroli ya kawaida. Usiogope kujaza. Ni mafuta yaliyoletwa mwaka 2005 ili kuokoa vijana waliokuwa wakinusa petroli kama kilevi, na gari la kawaida huyatumia bila shida.

Maji: lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku tatu hata kama unapanga kulala mjini kila usiku. Yagawe kwenye madumu kadhaa, mengine garini na mengine kwenye karavani. Dumu moja kubwa likipasuka, umebaki na kiu.

Simu haitashika, kwa hiyo jipange mapema

Mtandao upo mijini na pembezoni mwake, halafu unapotea kwa masaa. Telstra ndio wenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo nunua laini yao hata kama ya kwako ni ya kampuni nyingine. Iphone kuanzia toleo la 14 inaweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti huku Australia tangu Mei 2023. Mimi sitegemei hiyo peke yake. Tuna PLB, kifaa kidogo cha kuita uokoaji kwa mawimbi ya 406 MHz, na tumekisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa bahari, AMSA. Ukikiwasha, kituo cha uokoaji Canberra kinapata ishara na mahali ulipo. Kinawashwa maisha yakiwa hatarini tu; tairi kupasuka hakuhesabiki.

Namba ya dharura ni 000, na 112 hufanya kazi kwa simu ya mkononi. Polisi kwa jambo lisilo la dharura kwenye njia hii ni 131 444. Mwachie mtu nyumbani karatasi yenye njia, sehemu za kulala, namba ya gari na saa mtakayopiga simu kila jioni. Mwambieni pia mkichelewa masaa mangapi ndipo awapigie polisi, ili asikae akijiuliza.

Redio ya UHF ni ya lazima kwangu. Madereva wa malori wanazungumza kwenye chaneli ya 40, wenye karavani hupenda 18, na chaneli ya 5 ni ya dharura. Bandika nyuma ya karavani chaneli unayosikiliza, ili lori likikukaribia dereva ajue pa kukupata.

Barabarani

Huku tunaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Ndugu wa Kongo na Burundi, umakini wenu uwe mkubwa zaidi asubuhi mnapotoka kambini, barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kukukumbusha upande.

Malori ya huku yanaweza kufika mita 53.5 kwa urefu. Ushauri wangu ni mfupi: ukiwa na karavani, usijaribu kulipita. Simama, pikeni chai, liende. Likitaka kukupita wewe, ambalo ndilo litakalotokea mara nyingi, shika upande wako na usibadilishe mwendo. Mwambie dereva kwenye redio kwamba umemwona. Akishatoka kulia na kuanza kukupita, ndipo uachie mafuta taratibu. Usibane breki ghafla wala usishuke kwenye changarawe pembeni. Utahisi hewa ikikusukuma nje kwanza, halafu ikikuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono miwili na uitarajie hewa hiyo kabla haijafika.

Karavani ikianza kuyumba, miguu yote itataka kukimbilia breki. Izuie. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka bila kuufukuza mkia, na ubonyeze kwa mkono kile kidude cha breki za karavani kilichofungwa karibu na usukani, ili karavani ivute nyuma na kulinyoosha gari pamoja nayo. Breki ya mguu ikibanwa kwa nguvu wakati huo huligeuza gari. Mimi siku ile sikujua hata kidude kilipo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukigusa. Jifunze kukitafuta bila kuangalia. Na usiendeshe zaidi ya kilomita 90 kwa saa, hata pale ambapo kibao kinaruhusu 130.

Mwendo wa siku usizidi kilomita 450. Pumzika kila baada ya masaa mawili, mshuke kabisa garini. Na lililo muhimu kuliko yote katika sehemu hii: uwe umeegesha ifikapo saa kumi jioni, na usiondoke kabla jua halijapanda vizuri. Kangaruu hutoka alfajiri na magharibi. Ng'ombe wa mashamba makubwa hawana uzio na hulala juu ya lami kwa sababu ina joto. Wapo na ngamia, wazao wa wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo ya nyikani, na ngamia ukimgonga anaingia kupitia kioo cha mbele. Mnyama akiruka barabarani, punguza mwendo ukiwa umenyooka. Kukata kona ghafla na karavani nyuma ni kupinduka.

Mijini: Coober Pedy, Alice Springs, Tennant Creek, Katherine

Coober Pedy inatisha kwa kitu ambacho wageni hawakitarajii. Tangu mawe ya opali yalipogunduliwa mwaka 1915, watu wamechimba mashimo yasiyohesabika kuuzunguka mji, mengi yako wazi na hayana uzio. Watoto wasitembee hata hatua kumi nje ya barabara, na anayepiga picha asirudi kinyumenyume.

Miji mingine mitatu inazungumzwa sana kwa wizi. Ukweli ni kwamba madirisha huvunjwa na magari huibwa, na Machi 2024 serikali ya Northern Territory ilikataza walio chini ya miaka 18 kuonekana katikati ya Alice Springs usiku kwa muda. Soma taarifa za polisi wa huko wiki ile unayokwenda. Lakini wizi wenyewe mara nyingi ni wa kuona nafasi: anayepita anaona bia, simu au funguo, anavunja, anakimbia. Kwa hiyo unaondoa nafasi.

Fika mchana. Katika miji hii lala kwenye kambi za karavani zenye uzio na geti linalofungwa usiku, na uweke nafasi wiki kadhaa kabla, kwa sababu Juni na Julai zinajaa. Usiku mmoja wenye geti ni bei nafuu kuliko kioo kimoja. Funga kufuli kwenye shingo ya karavani na mnyororo kwenye gurudumu. Jenereta, baiskeli na madumu viingie ndani. Pombe ifichwe kabisa, pamoja na maboksi yake matupu. Funguo za gari zisiningʼinie karibu na mlango. Mwizi wa huku mara nyingi anazitafuta hizo kabla ya pesa. Mkienda dukani, mtu mzima mmoja abaki na gari.

Ukisikia mtu usiku, washa taa zote, piga honi, piga 000. Usitoke. Usimfukuze kijana gizani kwa ajili ya kitu ambacho bima italipa.

Kununua pombe kuna masharti. Kitambulisho chako kitapitishwa kwenye mashine, siku na masaa yana mipaka, na mlangoni unaweza kumkuta askari akikuuliza utainywea wapi. Jibu kwa utulivu na uonyeshe nafasi yako ya kambi. Usimnunulie mtu mwingine hata akikupa pesa na akakuita kaka. Kumnunulia aliyezuiwa ni kosa. Maeneo mengi ya wenyeji yamepiga marufuku pombe kabisa, na kibao barabarani hueleza. Ukiingia nayo utapigwa faini na kupokonywa.

Hapa lazima niseme jambo kwa uwazi. Maonyo mengi tuliyopewa yalikuwa, kwa lugha ya kuzunguka, maonyo juu ya Waaborijini. Mahali panapoitwa Alice Springs, wenyewe Waarrernte wanapaita Mparntwe, nao walikuwa hapo kabla ya ramani yoyote ya Mzungu. Watu wanaokaa kwenye nyasi mjini wako kwao. Wasalimie. Anayekuomba chochote, mpe au mkatalie kwa heshima kama ambavyo ungemfanyia mtu wa kwenu. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Barabara kuu haihitaji kibali, lakini njia nyingi za pembeni zinapita ardhi yao, na kibali huombwa kwa Central Land Council au, kaskazini zaidi, Northern Land Council.

Ukilala nje ya mji

Chagua sehemu rasmi ya kupumzikia yenye karavani nyingine. Fika kuna mwanga, zunguka kwa miguu, egesha ukiwa umeelekea njia ya kutokea, na usiikate karavani kutoka kwenye gari. Viti na meza viingie ndani kabla ya kulala. Dereva mmoja asiguse pombe, ili moyo ukikataa mahali, muondoke. Usilale kwenye korongo la mto mkavu. Mvua iliyonyesha mbali inaweza kulifikia usiku. Kuanzia Katherine kwenda kaskazini, kaa angalau mita 50 kutoka kwenye maji na usioshe vyombo ukingoni. Mamba wa huko humkariri anayerudi mahali pale pale.

Wageni wengi wanakijua kisa cha Peter Falconio, Mwingereza aliyeuawa karibu na Barrow Creek tarehe 14 Julai 2001. Dereva mwingine aliwaashiria yeye na mwenzake wasimame, akadai gari lao linatoa cheche. Muuaji alihukumiwa mwaka 2005. Matukio kama hayo ni nadra sana, lakini funzo lake halina gharama: mtu akikuashiria kwamba gari lako lina tatizo, mshukuru kwa mkono, endelea polepole hadi penye watu, ukague mwenyewe. Ukimkuta aliyekwama, desturi ya nyika ni kumsaidia. Simama, milango ikiwa imefungwa na injini inawaka, zungumza kupitia upenyo wa dirisha, mpe maji, na upeleke taarifa yake kituo kinachofuata.

Gari likizima, au mtu akiumia

Msiondoke kwenye gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu chini ya mti haonekani. Sogeeni mbali na lami, inueni boneti, tandikeni turubai la kivuli, mnywe maji kidogo kidogo bila kuyabania. Jaribuni redio chaneli 40 na 5 kabla ya yote. Kwenye barabara hii mtu hupita.

Nyoka akiuma, sahau kamba, kiwembe na lile jiwe la nyoka la kwetu. Usioshe kidonda. Mgonjwa asitembee hata hatua moja. Chukua bandeji pana ya kuvutika, funga juu ya jeraha kwa mkazo, kisha nyingine kuanzia vidoleni hadi juu kabisa ya mguu au mkono, uufunge na kijiti usipinde, halafu piga 000. Beba bandeji tatu za namna hiyo. Watakaokuja huenda ni Royal Flying Doctor Service, madaktari wa ndege walioanza kazi Cloncurry mwaka 1928. Watakuuliza uko kilomita ngapi kutoka mji gani, kwa hiyo kila mnapopita kibao cha umbali, mtoto mmoja aandike tarakimu na saa kwenye daftari. Wetu walifanya hivyo hadi Darwin.

Mkifika, kabla ya kuoga, mpigieni yule mliyemwachia karatasi. Asipopata simu hiyo, ndege ya kuwatafuta inaweza kurushwa wakati nyinyi mmelala.